Mashoto, mfupi, na milioni ishirini mkononi: bunduki ya oda au ya kiwandani?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 27, nilimaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka, na huu ni msimu wangu wa pili najifunza kazi chini ya mwindaji bingwa. Mimi ni mashoto na urefu wangu ni sentimita 158. Mpaka sasa naazima bunduki ya .375 ya kampuni, ambayo bolti yake (kitasa cha kuvuta na kusukuma risasi) iko mkono wa kulia na kitako chake kinanigusa kwapani kila nikiinua. Familia imenichangia shilingi milioni 20 ninunue bunduki yangu. Mjomba anataka tuweke oda kwa fundi wa Afrika Kusini anitengenezee .416 Rigby kwa vipimo vyangu, mbao ya walnut, na karatasi ya kuthibitisha kwamba inapiga risasi tatu ndani ya duara la sarafu kwa mita 100. Bosi wangu anasema nichukue ya kiwandani, nikate kitako, nifanye kazi. Mteja mmoja aliniambia bunduki za kiwandani zinatengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani. Mimi si wa wastani hata kidogo. Nifuate ushauri wa nani?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu maswali matatu yamefungwa kamba moja humo: mkono, kimo na kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Lipo na la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: hela ya risasi itatoka wapi baada ya bunduki kununuliwa?

Nikujibu kwanza ndipo nieleze. Mwaka huu mfuate bosi wako, ila kwa masharti mawili: bunduki iwe ya mashoto kweli, na iwe .375 H&H. Oda ya mjomba iweke kando, usiitupe. Mtu mwingine akiniuliza swali hili namjibu kwa sentensi moja. Wewe ni miongoni mwa wachache ambao bunduki ya oda ina maana kwao, kwa hiyo unastahili maelezo.

Nianze na jina, maana nyumbani likitajwa "bunduki ya kutengenezewa" kuna mzee atakayeguna. Hatuzungumzii gobole la mhunzi. Oda inayosemwa hapa ni silaha yenye namba, iliyotengenezwa na fundi mwenye leseni, ikapimwa kwa risasi za shinikizo kubwa kabla ya kutoka, na ikaingizwa nchini kwa vibali vyote.

Hata humo ndani, neno oda limebeba vitu tofauti. Kuna fundi anayechukua mashine ya kiwandani, yaani bolti na mwili wake, akaweka mtutu mpya na mbao mpya. Kuna anayeanza na mwili uliochongwa mahususi kwa kaliba yako, akajenga kila kitu juu yake. Halafu kuna makampuni ya silaha ya London kama Rigby na Holland & Holland, ambako bunduki moja ya bolti hula hela ya nyumba nzuri Kibaha, na ya mitutu miwili hula hela ya mtaa. Kwa milioni 20, baada ya kutoa usafiri, kodi na darubini, utakachopata ni kile cha kwanza. Mjomba anadhani anakununulia suti ya kushonwa, lakini kwa bajeti hiyo ni suti ya dukani iliyobadilishwa vifungo na bitana. Si kitu kibaya, ila kiitwe kwa jina lake.

Sasa ile karatasi ya sarafu. Hapo ndipo watu wengi hununua wasichokihitaji.

Risasi tatu hazitoshi kukuambia bunduki inapiga vipi. Chukua bunduki hiyohiyo, piga kumi badala ya tatu, na kundi litatanuka kama mara moja na nusu bila mtu yeyote kukosea. Fundi anayepiga makundi sita ya tatu-tatu, akachagua lililopendeza zaidi na kulitia kwenye fremu, hajakudanganya. Amekuonyesha picha ya harusi tu. Maisha ya ndoa hayamo kwenye picha.

Tuseme basi karatasi ni ya kweli. Itakusaidia nini? Kazi yako ni kusimama nyuma ya bega la mteja akimpiga nyati kwa mita 40, 60, labda 80, halafu kumalizia kilichoharibika. Bunduki ya kawaida ya kiwandani inayotawanya risasi kwa sentimita tano kwenye mita 100 itazitawanya kwa sentimita mbili na nusu kwenye mita 50. Moyo na mapafu ya nyati ni eneo kubwa kuliko sahani ya wali. Ukimkosa hapo, kosa halikutoka kwenye mtutu. Limetoka kwenye pumzi, au kwenye bega lililoshtuka kabla ya mlio, au kwenye kitako kilichonasa nguo. Mtutu wa mkono, uliosuguliwa ndani kwa siku nzima, hauponyi hata kimoja kati ya hivyo.

Kinachoua mtu porini ni bunduki iliyokataa kulisha. Miaka ya nyuma nilikuwa kambi moja upande wa Rungwa, na kazi yangu ilikuwa kukagua bunduki za wageni kabla hawajaingia kwenye kitalu. Akaja mmoja na .416 ya oda. Nzuri ajabu: mbao ina mawimbi kama asali iliyokorogwa, chuma cheusi kimezama rangi, jina lake limechongwa chini ya kifuniko cha magazini, lile kasha la risasi. Jioni tukaenda kwenye kichuguu tukabandika karatasi. Risasi mbili za kwanza, alizozipiga kwa kuegemea, ziligusana. Nikampongeza kwa dhati. Kisha nikamwomba ajaze magazini kwa solidi, zile zisizotanuka, zenye pua butu, azipige zote upesi bila kushusha kitako begani. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu iligonga pua kwenye ukingo wa chini wa mlango wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ikasimama hapo, na bolti ikakwama nusu ya safari. Akairudisha nyuma, akaisukuma tena kwa hasira. Risasi ikainuka ikatazama mawingu kama mjusi juu ya ukuta. Nikamuuliza bunduki imeshapigwa risasi ngapi tangu itoke kwa fundi. Ishirini na moja, akasema. Zote mezani, zikiingizwa moja moja kwa mkono, zote za pua kali.

Mgeni yule aliwinda siku kumi kwa bunduki ya kiwandani ya kambi, aina ya CZ, iliyokuwa imechubuka kila mahali, akapata nyati wake. Ile ya asali ilikaa kwenye sanduku.

Nieleze kilichotokea, maana ndicho kiini cha jibu langu. Risasi inapotoka kwenye magazini inasukumwa mbele na juu kwa pamoja. Kingo mbili za magazini zinaishikilia mpaka wakati fulani, kisha ziiachie. Mteremko mdogo ulioko mbele unaielekeza kwenye chemba. Kingo zikiachia mapema mno, risasi inaruka. Zikichelewa, pua inachimba chini. Pua kali inasamehe kosa la nusu milimita, pua butu haisamehi. Kiwanda kinachotoa bunduki hizohizo kwa maelfu kimeshalipatia jibu hilo zamani, mara nyingi kwa gharama ya wateja wa miaka iliyopita. Fundi wa oda lazima alitafute upya kwa tupa na karatasi ya msasa, kwenye kila bunduki, kwa risasi utakayotumia wewe. Aliye bora hufanya hivyo, na atakudai hela ya risasi mia mbili za majaribio kabla hajakukabidhi. Asiyekuomba hizo risasi, muulize yeye amejaribu kwa nini.

Hapa utasikia watu wa kambini wakibishana kuhusu "Mauser" na "zile za kusukuma". Ubishi una msingi. Kwenye Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, na jamii yake yote, upande wa bolti kuna ukucha mrefu wa chuma. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, ukingo wa ganda lake unateleza chini ya ukucha huo na kushikwa hapo hapo, kabla haujaingia chemba. Ukisita katikati, ukarudi nyuma, risasi inarudi nawe. Kwenye mtindo mwingine, bolti inasukuma risasi ikiwa huru, na ukucha mdogo unaidaka mwishoni kabisa bolti inapofungwa. Mtu aliyeshikwa na hofu akisita kabla ya hapo, risasi ya kwanza inabaki chemba bila kushikwa, bolti inakwenda kuchukua ya pili, na sasa una mbili kwenye mlango mmoja. Winchester wa Marekani walipobadilisha bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964 na kuacha ukucha mrefu, wawindaji waliwalaumu kwa miongo mitatu mpaka ukarudishwa miaka ya 1990. Mimi nimewaona watu wakifanya kazi miaka mingi na bunduki za kusukuma bila tatizo. Lakini kwa mwanafunzi, ambaye mikono bado inajifunza kutosita, nasema chukua ya ukucha mrefu ikiwezekana.

Kitu kingine ambacho oda huuzwa nacho kama sifa ni chemba ya kubana. Mtutu wa mashindano huchongwa chemba inayolibana ganda kama soksi, na hiyo kweli huongeza usahihi. Sasa fikiria Oktoba, mvua bado, vumbi la barabara ya kambi limeingia mpaka kwenye meno, na dereva ameacha pakiti ya risasi juu ya dashibodi tangu saa nne asubuhi. Baruti yenye joto hufanya shinikizo kubwa kuliko baruti ya kivulini. Ganda linavimba zaidi, chembe ya mchanga iko kati yake na chuma, na bolti haitaki kuinuka. Waingereza walilijua hili mapema. .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa kupita kiasi makusudi, ili baruti ya kordaiti ya enzi hizo ifanye kazi kwa shinikizo dogo kwenye joto la huku kwetu. Ule ulegevu kidogo wa chemba ya kiwandani, ambao wauza oda wanaudharau, ni nafasi ya vumbi kupita. Ukiweka oda ya bunduki ya wanyama hatari, fundi mzuri atakupa chemba ya kawaida hata ukimwomba ya kubana, na atakueleza kwa nini.

Tuje kwenye mkono wako, kwa sababu hapa bosi wako anaweza kuwa amepitiwa.

Mashoto wengi wa kizazi changu walijifunza bunduki za kulia. Wanapiga, wanavusha mkono wa kushoto juu ya darubini kushika bolti, au wanaishusha bunduki begani na kutumia mkono wa kulia. Kwa swala, sawa. Kwa nyati anayekuja, kila sekunde ambayo kitako hakiko begani ni sekunde ambayo huna bunduki. Kuna na jambo la usalama ambalo halisemwi sana. Fataki, yaani kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, ikitoboka au ganda likipasuka, gesi lazima itoke mahali. Bunduki ya mkono wa kulia ina dirisha la kutolea maganda upande wa kulia, na uso wa mashoto unakaa upande huohuo. Kwenye Mauser 98 Wajerumani waliweka ngao pana nyuma ya bolti kuzuia gesi, nayo inasaidia, lakini mimi nisingependa binti yangu afanye kazi hiyo miaka thelathini upande wa moshi. Pamoja na hayo vaa miwani ya kinga kila unapopiga mazoezi, uwe mashoto au usiwe.

Kabla hujanunua chochote cha kushoto, hakikisha jicho lako nalo ni la kushoto. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama mti wa mbali ukiwa na macho yote mawili, kisha funga moja moja. Jicho linaloendelea kuuona mti ndilo linalotawala. Wapo mashoto wa mkono wenye jicho la kulia, na hao wana mazungumzo tofauti kabisa na mwalimu wao wa shabaha.

Kama jicho na mkono vimekubaliana, bunduki za kiwandani za mashoto zipo, japo si nyingi. Ruger wa Marekani amezitoa kwa wanyama wakubwa, zenye ukucha mrefu, lakini chunga mtego: nyingi ni .375 Ruger, na jina hilo linawachanganya hata wauzaji. Ni risasi ya mwaka 2007, ganda fupi lisilo na mkanda. .375 H&H ni ya 1912, ganda refu lenye mkanda kwenye kitako chake. Vichwa vyao vina kipenyo kimoja, nguvu zao zinakaribiana sana, na bado moja haipigwi kwenye bunduki ya nyingine. Tofauti kubwa kwako ni kwamba H&H utaipata karibu kila mahali panapouzwa risasi za uwindaji, na kambi jirani watakuazima pakiti. Blaser wa Ujerumani hutoa R8 yenye bolti ya kushoto, unaivuta moja kwa moja bila kuinua mkono, na unaweza kuipata kwa .375 H&H. Ni ghali, na wazee wa ukucha watakuzomea, lakini ni mashine ya uhakika. Pia uliza za mitumba Afrika Kusini na Namibia. Bunduki za mashoto hukaa muda mrefu madukani kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, na mwenye duka huchoka kuziona.

Ya mitutu miwili haichagui mkono kwenye kuvunja na kujaza, ndiyo maana mashoto wenye hela huipenda. Hata hiyo kitako chake huwa kimepindishwa kidogo kumfuata mpigaji, kwa hiyo ya kulia itakusukuma shavu. Kwa milioni 20 hatuijadili.

Kimo sasa. Mteja wako amesema kweli: kiwanda kinampimia mtu wa wastani, na kwa kawaida urefu kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako ni kama sentimita 34 na nusu. Kwa mtu wa sentimita 158 mwenye jaketi la kazi, huo ni mrefu. Ndiyo maana kinanasa kwapani. Ila kosa la mteja ni kufikiri kwamba dawa yake ni bunduki nzima mpya. Kukata kitako cha mbao na kuweka mpira mpya mwishoni ni kazi ya siku moja kwa fundi silaha, na gharama yake ukiilinganisha na oda ni hela ya soda.

Vipimo usimwachie fundi peke yake. Watu huweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kidole kinafika wapi kwenye kifyatulio. Ni mwanzo tu, maana kipimo hicho kinapima mkono na hakijui lolote kuhusu shingo, kifua wala shavu. Fanya hivi badala yake. Toa risasi zote, fungua bolti, tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe, na mwombe mtu mwingine aangalie pia. Simama ukielekea ukuta usio na mtu nyuma yake. Vaa nguo zako za porini, pamoja na mkanda wa risasi. Chagua alama ukutani, funga macho, inua bunduki mpaka ikae begani kama unavyotaka, kisha fungua macho. Kama unaona kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya kile cha nyuma bila kunyoosha shingo wala kuinama, kitako ni chako. Kama unaona mwili wa bunduki tu na nyuma ya kilengeo, shavu limezama na mbao inahitaji kuinuliwa. Kama kilengeo kimekimbilia upande, mpira wa nyuma haujakaa pembe sahihi. Rudia mara kumi. Kwa mwanamke, pembe ya ncha ya chini ya kitako inahusika sana: ikichoma kifua, utaanza kuikwepa bila kujua, na kuikwepa ndiko kushtuka.

Fundi akate kidogo kidogo, nusu sentimita kila mara, nawe ukijaribu katikati. Kitako kikiwa kifupi, darubini inasogea karibu na uso, na .375 ikirudi nyuma huandika jeraha la mwezi mwandamo juu ya nyusi bila huruma. Kwa hiyo darubini nayo isogezwe mbele siku hiyohiyo.

Hapo ndipo inapoingia kaliba ya mjomba. Nguvu ya teke la .375 H&H kwenye bunduki ya uzito wa kawaida ni kama mara mbili ya .30-06, kaliba ya kawaida ya wanyama wa ukubwa wa kati. Ile ya .416 Rigby ni karibu mara tatu. Uzani wako sijui, lakini si uzani unaoamua, ni mazoezi: mtu huzoea teke kwa kupiga mara nyingi kidogo kidogo, na .416 haikuachii upige mara nyingi. Kwa wanyama hatari hapa kwetu .375 ndiyo kianzio, na risasi yake ya gramu 19 na nusu, inayotoka kwa kama mita 770 kwa sekunde, imeangusha kila mnyama wa bara hili. Utaambiwa habari za Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7×57. Ni kweli, na ilikuwa bunduki ya bolti ya kawaida tu. Alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila pembe, na alichagua saa ya kupiga. Mwindaji bingwa hachagui saa. Mteja wake ndiye aliyekwisha ichagua vibaya. Kwa hiyo usishuke chini ya .375, na .416 isubiri bega na mikono vikomae.

Sasa hela. Bunduki mpya ya kiwandani ya kaliba hii, yenye ukucha mrefu, kwa bei za Marekani ni kati ya dola elfu moja na nusu na elfu mbili na nusu, kabla ya usafiri na kodi. Blaser ni zaidi ya hapo. Weka darubini ya nguvu ndogo, ya kuanzia ukuzaji wa mara moja, yenye vishikio vinavyofunguka haraka. Kata kitako. Kitakachobaki kinunue risasi. Ukipiga risasi mia mbili kabla ya Julai msimu unapofunguliwa, nusu yake ukiwa umesimama au umeegemea fimbo za kupigia na si mezani, utaijua bunduki hiyo kuliko mgeni yule alivyoijua ya asali. Kama utaagiza risasi kwa anayesafiri, kumbuka mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 5 tu kwa abiria, na za .375 ni kama mia moja na kidogo.

Ni lini basi ningekuambia weka oda? Ukishafanya kazi misimu minne mitano, ukajua unachokilalamikia kwa jina: kitako kiwe hivi, kilengeo kile, uzito usogee mbele kidogo. Mtu anayejua hayo humpa fundi maelekezo, naye fundi hufurahi. Asiyejua huishia kununua ladha ya fundi. Na ningekuambia weka oda sasa hivi kama ungekuwa umezunguka kote ukakosa ya mashoto kabisa. Hilo halijatokea bado.

Yapo mambo ya kufanya ana kwa ana, tafadhali, si kwa maandishi. Ukinunua mtumba, mpelekee fundi silaha mwenye leseni aipime chemba kwa vipimo vyake vya chuma kabla hujapiga hata moja. Mafundi wa mashine za lathe, hata wawe hodari vipi wa magari, wasiguse bolti wala mtutu. Ukiona fataki imetoboka, ganda lina mstari unaong'aa karibu na kitako chake, au bolti inahitaji kofi kuinuka, acha kupiga siku hiyo na uipeleke. Kuhusu polisi, nenda kwao kabla ya kulipa chochote. Kibali kinafuata namba na kaliba iliyoandikwa, na ukija kubadilisha mtutu au kaliba baadaye, waulize kwanza. Nimeona bunduki nzuri ikikaa ghalani kwa sababu karatasi ilisema kitu kimoja na chuma kikasema kingine.

Jambo la mwisho ni dogo. Fundi akishakata kitako chako, mwombe akupe vile vipande vya mbao alivyokata. Andika namba ya bunduki juu yake kwa kalamu ya wino mzito, uvifunge kwenye kitambaa, uviweke pamoja na kitabu cha leseni. Siku utakapoiuza, mnunuzi ana uwezekano mkubwa wa kuwa mrefu kuliko wewe, na fundi atavirudisha kwa gundi na skrubu mbili huku mishipa ya mbao ikifuatana.